Mgeni Njoo, Mwenyeji Ashibe

Umeingia dukani na kofia mpya, bei bado inaning'inia,
mkeo nyuma yako, mkono kiunoni,
mimba ya miezi sita ikitangulia kizingiti.
Mnakwenda Songosongo, siku tano, likizo ya kwanza
tangu muoane. Boti saa nane.
"Dada, nipe dawa ya mbu. Ile nzuri."

Nzuri kwa nani, shemeji?

Hii ya kijani ina picha ya ndimu na mwanamke anacheka.
Inanukia kama harusi. Nusu saa, harusi imekwisha,
mmebaki nyinyi na wao.
Hii ya kuchoma inafaa chumbani, hewa ikiwa imelala.
Ufukweni moshi wake utakwenda Mafia
kufukuza mbu wa watu wengine.
Na hii bangili ya mpira?
Hulinda bangili.

Mama yangu, kule Nangurukuru, alichoma maganda ya korosho
mpaka tukalia machozi na mbu wakahamia kwa jirani.
Alifikicha mvumbasi mlangoni kila magharibi.
Simcheki. Alitumia alichokuwa nacho.
Lakini tulizaliwa saba, tukakua watano,
ndiyo maana nimejifunza kusoma vibandiko.

Soma na mimi. Geuza kopo, achana na picha.
Maandishi madogo, yamejificha mgongoni kama deni:
jina la dawa yenyewe, halafu asilimia.
Hapa thelathini. Hapa saba.
Hapa hawakuandika kitu, na asiyeandika ana sababu.
Tarehe: hii imeisha tangu Machi.
Bosi alisema niiweke mbele.
Naitia chini ya kaunta. Hukuniona.

Chukua hili, baya, kama kopo la dawa ya kuku.
Elfu kumi na mbili. Linanuka gereji,
lakini saa sita linakesha.
Mama kijacho anaruhusiwa, ndiyo,
nilimuuliza daktari hata kabla hamjazaliwa katika mawazo yangu,
kwa ajili ya mwingine, aliyechelewa kuuliza.
Usoni apake kwa kiganja, asijipulizie.
Mafuta ya jua kwanza, dawa juu yake.
Akitoka majini, aanze upya.

Maana mchana kuna yule mwenye soksi za mistari,
wa kidingapopo, anakula saa za kazi kama karani.
Jua likizama, usubi: mdogo, hata tusi halimpati.
Usiku ndiyo yule wa malaria, makalio juu,
kama anayechungulia uvunguni.
Wote wanaijua methali nusu tu:
mgeni njoo.

Na chandarua. Hata kitanda kikipambwa maua.
Kichomeke chini ya godoro, pande zote,
hata ule wa ukutani ambao wanaume huuruka.

Umelipa umenuna. Ulitaka ya ndimu.
Mkeo amelipokea kopo, akaligeuza,
akasoma namba kwa sauti, taratibu,
kama anayejaribu jina la mtoto mdomoni.

*

Siku ya sita mmerudi.
Wewe unachechemea, vipele saba vimepanga foleni
pale kamba ya kandambili inapopita.
"Dada, dawa yako imeniangusha."
Ulipaka hapo?
Umeitazama dari yangu muda mrefu. Ina nini, dari yangu?

Mkeo ameweka juu ya kaunta pweza mkavu
aliyefungwa kwa gazeti, akaketi kwenye benchi la wagonjwa
bila kuwa mgonjwa.
Nimejifanya nafuta kioo.
Nimempitia shingo, mikono, vifundo vya miguu,
halafu lile tumbo, limeongezeka kidogo, linapumua.
Nimehesabu kama ninavyohesabu fedha za jioni,
mara mbili, midomo ikicheza.

Hakuna kilichopungua.